Hotuba Mbili na Nusu za Al Quoz

Wasichana ninaokaa nao hapa Al Baraha, Dubai, wameniomba niandike kabla sijapanda ndege. Wanasema nikishafika Tanga nitakuwa mtu wa kulala mchana na kubembeleza wajukuu, na kalamu sitaishika tena. Wote wanafanya kazi za ndani, na kila wakirudi siku ya mapumziko wananiuliza swali lile lile: mtu anakaaje nyumba moja miaka kumi na minane bila kugombana? Nimegombana sana. Mshahara sitautaja, aliyenilipa anaujua na mimi naujua. Jina la bosi wangu nalo sitalitaja, kwa sababu alikuwa nyota wa sinema za Kihindi na sasa ni mbunge kwao, na watu wa namna hiyo wana mawakili. Nitamwita Sir, kama nilivyomwita siku zote.

Nilifika kwake Marina nikiwa na miaka arobaini na miwili, natoka kwa familia moja ya Deira iliyohama. Mkewe, Madam, aliniuliza kama najua Kihindi. Nikasema vizuri sana, na sikusema uongo. Tanga tulikuwa na onyesho letu la wanawake kwenye sinema kila Jumapili, na nilikuwa nikitoka humo leso imelowa. Tatizo ni kwamba Kihindi changu chote kilitoka mle. Nilijua kusema "Damu ya baba yangu haitapotea bure" na "Niue mimi, umwache mwanangu", lakini dekio linaitwaje sikujua. Madam akanionyesha doa la mchuzi kwenye zulia, akauliza kama litatoka. Nikamjibu kwamba naapa mbele ya Mungu na mbele ya maziwa ya mama yangu, ama doa hili litatoka, ama mimi nitatoka duniani.

Madam akaita, "Hebu njoo umsikie huyu!" Sir akaja na taulo shingoni, akanitaka niseme tena, nikasema tena. "Huyu abaki," akasema, akarudi bafuni. Doa lilitoka siku ya tatu, kwa siki na maji ya uvuguvugu. Usisugue, unakandamiza na kitambaa cheupe na unakuwa na subira.

Aliyenifundisha kazi hasa hakuwa Madam, alikuwa mzee tuliyemwita Chacha, yaani baba mdogo kwa Kihindi, mvalishaji wa Sir tangu enzi Sir anaruka juu ya magari. Chacha alinifundisha kufua wigi. Ndiyo, Sir alikuwa na upara kabla hajafika miaka thelathini na mitano, na nchi nzima haikujua. Wigi, wanangu, halisuguliwi. Unaliosha kwa shampuu ya watoto, unalichana kuanzia kwenye ncha, na unalianika juu ya sufuria iliyopinduliwa lisipoteze umbo. Mwezi wangu wa kwanza nililianika jikoni karibu na biriani, na mgeni mmoja wa Madam akaja kuchungulia chakula. Siku ile alisema amefunga.

Chacha alinifundisha na jambo jingine, ambalo halihusu nywele. "Saumu beti," aliniambia, maana aliniita binti yake, "Sir akilia usimcheke. Na usilie naye, maana hatanyamaza. Mpe chai."

Wiki ya pili nikamkuta Sir anafanya mazoezi ya kufa. Katika filamu aliyokuwa akiicheza wakati ule alikuwa anapigwa risasi mwishoni, na mazoezi aliyafanyia kwenye korido niliyotoka kuideki. Akaanguka, akanyoosha mkono, akamwita mama yake, akafa. Nikasubiri ainuke nipite na ndoo. Hakuinuka. Baada ya muda akafumbua jicho moja, akanyanyuka, akarudi hadi mlangoni, akapigwa risasi upya. Alikufa mara sita. Mara ya saba wali wangu ulikuwa umeanza kunuka moshi, uvumilivu ukanishinda. Nilikuwa nimeona kwenye televisheni jinsi waongozaji wa filamu wanavyopiga kelele, nikapiga yangu kwa Kiswahili.

"Jamani, kata!"

Sir akafufuka papo hapo. Akajifuta magoti, akauliza nimesema nini, nikamweleza. "Asante," akasema, na alikuwa anashukuru kweli. Akanieleza kwamba tangu ana miaka ishirini hajawahi kumaliza kitu mwenyewe. Mwongozaji akisema kata, umemaliza. Akinyamaza, maana yake hakupenda, rudi mlangoni uanze upya, na usiulize. Siku moja mwongozaji alisinzia kwenye kiti, na Sir akalia kwenye tukio la msiba tangu adhuhuri mpaka jua likazama. Mwili wake haukujua tena kuacha wenyewe bila kuambiwa.

Basi ikawa kazi yangu. Nikipika yeye anasoma, akimaliza nasema kata. Na sikuwa nasema kata tu. "Kata, Sir, lakini pale kwa mkeo ulikuwa unamwangalia kama anayedaiwa kodi." Anarudia. Akiona nimeacha kumenya viazi ili nimsikilize, anajua amepatia. Waongozaji wake walikuwa wanamsifu kwa sababu ni nyota. Mimi nilikuwa na viazi vya kumenya, kwa hiyo aliniamini.

Miaka ikaenda. Kutoka shujaa akawa kaka mkubwa wa shujaa, kisha baba wa shujaa, kisha baba mgonjwa. Halafu ikaja simu wanamtaka acheze baba aliyekwisha kufa, yaani awe picha ukutani iliyovishwa shada la maua, mwanawe anaisemesha. Sir alikaa kibarazani siku mbili akitazama boti za Marina. Chacha alikuwa amesharudi kwao kwa sababu ya macho, kwa hiyo chai nilimpelekea mimi.

"Saumu-ji," akaniambia, na hiyo ji kwao ni heshima, "hata kufa siku hizi wananinyima. Wananikuta nimeshakufa."

Sikucheka. Nilikwenda kucheka jikoni, kisha nikaona aibu, maana mtu yule alikuwa anaumia.

Siku ya tatu chama kimoja cha kwao kikampigia kikimtaka agombee ubunge katika wilaya aliyozaliwa. Sir alikubali kabla sentensi haijaisha. Chama kikasema wapiga kura wanaamini mvi. Yeye hakuwa na nywele, seuze mvi, kwa hiyo likaletwa kwa ndege wigi jeupe, na mimi nikaanza kufua mawili. Suruali za ngozi zikaingia masandukuni, zikatoka kanzu nyeupe za pamba za kwao, ambazo zinataka wanga mwepesi, si mzito, la sivyo mtu anakaa chini na nguo inabaki imesimama.

Madam hakufurahi. Alikuja jikoni, jambo ambalo hakulifanya kwa kawaida, akafunga mlango.

"Akishindwa, Saumu, tunauza nyumba hii. Sitakaa Dubai na mwanamume asiye na kazi anayejifia kwenye korido. Khalas."

Nyumba ikiuzwa, visa yangu imekwisha. Na si visa tu. Nyumba ile nilikijua kila kigae chake, nilijua bomba lipi linalia na dirisha lipi linaingiza vumbi, na Tanga watoto walikuwa wamekua bila mimi na wameshazoea. Sikuwa na mahali pengine ambapo mtu alikuwa ananingoja nimwambie kama amepatia. Nilitaka Sir ashinde kuliko alivyotaka yeye.

Labda ndiyo maana nilifanya nilichofanya. Chama kilimwandikia hotuba. Ilikuwa na mama, jasho na udongo, na chozi kwenye neno udongo, jicho la kushoto tu, ndilo lililozoea kamera. Aliisoma jikoni tangu mwanzo hadi mwisho akainua mkono juu, akangoja. Nilikuwa namenya viazi na sikuacha kumenya hata kidogo. Ilikuwa hotuba ya ile picha ya ukutani. Lakini nikawaza, zimebaki wiki tatu watu wapige kura, nikimvunja moyo sasa atashindwa.

"Nzuri sana, Sir," nikasema. "Kata."

Katika miaka yote ile, huo ndio uongo wa kwanza niliomwambia kuhusu kazi yake. Alitabasamu kwa furaha hata viazi vikanishinda.

Sasa, wapiga kura walikuwa kule, lakini simu zilikuwa huku. Wanaume wengi wa wilaya ile wako Al Quoz, mtaa wa viwanda na mabweni ya wafanyakazi, mafundi nondo, mafundi bomba, madereva, na mama au mke akitaka kujua ampe nani kura yake humpigia aliye Dubai, kwa sababu ndiye anayeonekana ameona dunia. Kampeni huku haziruhusiwi, kwa hiyo hapakuwa na bango wala spika. Meneja wa makazi ya wafanyakazi alikubali chai, basi. Mheshimiwa aje, awasalimie ndugu zake, wanywe chai, aondoke.

Nilikaanga sambusa kutwa nzima. Wa kunisaidia kubeba alikuwa Kevin, mlinzi wa mapokezi ya jengo letu, Mkenya wa Kakamega, mwimbaji wa kwaya, ambaye siku zake za mapumziko alikuwa anapenda kuzitumia mahali penye chakula. Mlangoni Madam alinigeukia. "Leo usiseme neno lolote, Saumu. Wewe ni chai." Nikasema yes Madam, nikajipanga nyuma na birika.

Ukumbi wa chakula ulijaa, wengine wamekaa mezani, wengine wamesimama ukutani, nguo zimepigwa pasi, nywele zimelowa maji. Sir akaingia. Alisimama mlangoni kana kwamba ameshtuka kuwaona, akaweka mkono kifuani, akaenda moja kwa moja kwa mzee mmoja wa mbele akamkumbatia. Watu wakapiga makofi. Akaanza: mama, jasho, udongo. Chozi likatoka mahali pake, kushoto. Akamaliza kwa mkono juu, na makofi yakapigwa tena, ya heshima.

Makofi yakaisha. Mkono wa Sir ukabaki juu.

Meneja akakohoa. Madam akatabasamu kwa watu wote. Sir hakutikisika, chozi linaning'inia kidevuni.

"Mum," Kevin akaninong'oneza, "si boss wako ame-hang?"

Mimi nilishajua. Mtu yule alikuwa anangoja neno, na mwenye neno alikuwa ameambiwa yeye ni chai. Nikamtazama Madam, Madam akanitolea macho. Nikamimina chai.

Sir akashusha mkono taratibu. Alikuwa ameelewa kwamba hawakupenda. Akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Akasimama. Akashtuka kuwaona watu. Akaweka mkono kifuani, akaenda kwa mzee yule yule, akamkumbatia kana kwamba hajamwona miaka ishirini.

"Haki ya Mungu," akasema Kevin, "ameanza tena!"

Akasema yote, neno kwa neno. Wanaume wale walianza kwa kutazamana, kisha mmoja akawa anatangulia maneno kwa sauti ndogo, kisha meza nzima. Walipofika kwenye udongo wote walilikodolea macho jicho lake la kushoto, na chozi lilipotoka mtu akasema "Ah!" kama goli limeingia. Mkono ukapanda juu. Kimya. Watu wameuma mashati wasicheke.

Na Sir, jamani, akarudi mlangoni mara ya tatu. Mzee wa mbele akasimama mapema na mikono ameshaifungua, ili asimchoshe. Hapo ndipo nikaona simu. Zilikuwa juu, zote. Ndani ya dakika chache mama zao wote huko kijijini wangekuwa wanamwona mgombea wao anazunguka kama kaseti iliyokwama. Nikaiona nyumba inauzwa. Nikajiona uwanja wa ndege na begi langu. Lakini nikisema kweli, kilichonipandisha sauti haikuwa nyumba. Nilimwona usoni. Alikuwa anajitahidi zaidi kila mara, na mimi ndiye niliyemwambia ni nzuri.

"Kata!" nikapiga kelele. "Kata, Sir! Kata, imetosha!"

Akasimama katikati ya ukumbi. Mabega yakashuka. Akawatazama wale watu, na ninaapa ndiyo mara ya kwanza aliwaona.

"Nimesema mara ngapi?" akauliza.

"Mbili na nusu, sahib," mtu akajibu, na ukumbi ukapasuka. Walicheka hadi wengine wakatoka nje kupumua. Sir mwenyewe akaanza kucheka, cheko ambalo hakulifanya katika filamu yoyote, maana linatoka na mkoromo. Akavua lile wigi jeupe kwa sababu ukumbi ulikuwa wa joto, akaliweka mezani, akajifuta upara kwa kiganja. Madam alifumba macho.

Cheko lilipopoa, kijana mmoja fundi nondo, aliitwa Dinesh, akasimama.

"Sahib, kwetu kuna mto. Mvua ikinyesha tunambeba mwenye uchungu wa uzazi juu ya kitanda kuvuka. Dada yangu alivushwa hivyo, akajifungulia majini. Wabunge watatu wametuahidi daraja. Wewe utatujengea?"

Sir akageuka kunitazama. Miaka yote akisahau mstari hunitazama mimi. Nikamtikisia kichwa. Sina, Sir. Huo haujaandikwa.

"Sijui," akasema.

Wanaume wale wakaweka vikombe chini.

"Sijui daraja linajengwaje wala nani anamwambia nani. Nimewahi kujenga moja tu, kwenye filamu, la maboksi, na nikalilipua mwenyewe kabla ya mwisho. Huo mto unaitwaje? Keti hapa, uniambie."

Akavuta benchi, akakaa. Hakuwa na kalamu, nikamtolea mfukoni penseli ya nyusi, nayo akaandikia kwenye kifuniko cha boksi la sambusa. Mto. Kijiji. Zahanati iko upande gani. Wengine wakasogea, huyu na kisima, yule na mwalimu asiyefika shuleni. Mara nyingi alijibu sijui. Mara mbili alisema hilo haliwezekani, na hawakumchukia. Chai iliisha, nikachemsha nyingine kwenye jiko la makazi, na sambusa sitaji zilikwendaje kwa sababu Kevin alikuwa karibu nazo.

Ndani ya gari Madam hakunisemesha mpaka tulipofika Marina. Pale chini ya jengo akasema, "Umetumaliza, Saumu." Nikashuka na birika langu. Sir alikuwa amelala kiti cha mbele, kinywa wazi, wigi mapajani.

Video zilifika kule kabla hatujapanda lifti. Walimcheka, ndiyo. Walimcheka wiki nzima. Lakini Dinesh alinipigia, maana namba yangu alikuwa nayo kwa ajili ya kurudisha masinia, akaniambia kwamba mama yake ameitazama yote, mpaka mwisho, na amesema huyu ana akili ya kuuliza upande wa zahanati. Sir na Madam wakaenda kumalizia kampeni kwao. Mimi nikabaki nadeki nyumba isiyokanyagwa na mtu na kuomba dua kila swala.

Siku ya kuhesabu kura Kevin alipanda juu wakati wa mapumziko yake ya mchana. Tukakaa mbele ya televisheni ya sebuleni, yeye haelewi Kihindi, mimi namtafsiria. Sir akatangulia, akaachwa, akatangulia. Kisha picha yake ikajaa kioo kizima, na Kevin hakuhitaji tafsiri. Aliruka kochi. Alicheza Kiluhya kwenye lile zulia la Madam na viatu vyake vya kazi, na sikumkataza. Nyumba imepona. Nilisema hivyo kwa sauti, "Nyumba imepona, alhamdulillah."

Simu ikalia.

"Saumu-ji! Tumeshinda!" Nyuma yake ngoma na fataki.

"Hongera, Sir! Mnarudi lini? Nipike nini?"

Nikasikia anatafuta mahali pasipo na kelele, mlango ukafungwa.

"Haturudi, Saumu-ji. Nyumba Madam atakuja kuifunga mwezi ujao. Mkutano wa mwisho mama mmoja aliniuliza nikishinda nitaishi wapi, hapa au Dubai. Sikuwa nimeandikiwa kitu. Nikamtazama usoni, nikasema nitaishi hapa." Akashusha sauti. "Nilijibu vibaya?"

Nikatazama kibaraza, boti, jiko langu, lile dirisha la vumbi. Alikuwa ananingoja. Watu wote wale wanampigia ngoma, na yeye amejifungia chumbani ananingoja mimi.

"Umejibu vizuri, Sir," nikamwambia. "Vizuri kabisa. Sina la kukurekebisha."

Nikaiweka simu mezani, nikakaa kwenye kochi la Madam, ambalo sikuwahi kulikalia kwa miaka kumi na minane, nikalia. Kevin hakuacha kucheza. "Lia tu, Mum," akasema, anazungusha mabega, "hiyo ni ya furaha." Na nusu yake ilikuwa kweli.